FXS au FXO? Jua tundu la simu kwenye ruta yako kabla hujachomeka waya

Ofisi nyingi za Mbeya bado zina namba ya mezani inayoanza na 025. Ipo kwenye bango, ipo kwenye muhuri, ipo kwenye risiti, na wateja wa zamani wanaijua kwa kichwa. Sasa faiba imefika mtaani, na simu ile ile ya mezani inatakiwa ichomekwe kwenye ruta badala ya soketi ya ukutani.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Nyuma ya ruta kuna matundu matano au sita yanayofanana. Ukikosea, simu inakaa kimya. Ukikosea vibaya zaidi, unaunguza kifaa. Na hata ukipatia, kuna jambo moja kuhusu umeme ambalo wengi hulijua siku TANESCO wamekata.

Uwe Ilomba, Mwanjelwa, Uyole au Iringa mjini, kanuni ni ile ile. Twende kazi.

Swali ni moja: nani anatoa umeme?

Simu ya kawaida ya mezani, ile ya analogi isiyo na chaja wala betri, inakula umeme kutoka kwenye waya wake wa simu. Zamani aliyekuwa anautuma ni kituo cha simu, kwa kawaida volti 48 za DC.

Ukinyanyua mkonga, umeme unaanza kupita. Kituo kinajua unataka kupiga, kinakupa ule mlio mrefu wa laini. Mtu akikupigia, kituo kinatuma umeme mwingine, wa AC, wa volti kama 70 hadi 90, ili kugonga kengele ya simu yako.

Kwa hiyo kila laini ya analogi ina pande mbili. Kuna upande unaotoa umeme, mlio wa laini na kengele. Kuna upande unaopokea. Matundu nayo ni hivyo hivyo:

- FXS ni tundu linalotoa. Linafanya kazi ya kituo cha simu.
- FXO ni tundu linalopokea. Linafanya kazi ya simu.

Kanuni ya kukariri ni hii: mtoaji aungwe na mpokeaji. Simu ya mezani ni mpokeaji, kwa hiyo inakaa kwenye FXS. Laini inayotoka kituo cha simu ni mtoaji, kwa hiyo inaingia kwenye FXO. Basi. Mengine yote kwenye makala hii yanatoka hapo.

Kwa nini majina yanachanganya

FX ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kituo cha simu cha eneo jingine. Ilikuwa huduma ya zamani: mteja yuko mji mmoja, lakini anapewa laini ya kituo cha mji mwingine. Kwa mfano wa kwetu, ni kama mfanyabiashara wa Iringa, ambako namba zinaanza na 026, avutiwe laini ya Mbeya yenye 025 ili wateja wake wa Mbeya wampigie kama jirani.

Laini kama hiyo ilikuwa na ncha mbili. Ncha ya kwa mteja ikapewa herufi S. Ncha ya kituoni ikapewa herufi O, kwa sababu kituo kiliitwa ofisi.

Mtego uko hapa: jina la tundu linaonyesha tundu hilo linatazamana na nani. Tundu la FXS linatazamana na simu ya mteja. Tundu la FXO linatazamana na ofisi ya simu. Watu wengi wanadhani ni kinyume chake, ndiyo maana wanaagiza kifaa kisicho sahihi.

Soma maandishi nyuma ya kifaa

Ruta nyingi hazijaandikwa FXS wala FXO. Zimeandikwa hivi:

- PHONE, TEL, TEL1, TEL2 au POTS: hili ni FXS. Chomeka simu hapa.
- FXO, PSTN au CO: hili ni FXO. Laini ya kituo inaingia hapa.
- EXT kwenye PABX: ni laini ya ndani, inatoa umeme, kwa hiyo ni FXS.
- DSL au ADSL: hili ni la intaneti ya waya wa shaba. Siyo la simu, ingawa umbo lake ni lile lile.
- LAN: la kompyuta, runinga au kamera.
- WAN: la intaneti inayoingia.
- CONSOLE: la fundi wa mtandao kufanyia mipangilio.

Kuwa makini na neno LINE. Kwenye modemu ya zamani ya ADSL, LINE ni tundu la intaneti ya shaba. Kwenye adapta ya simu, yaani kile kiboksi kidogo kinachogeuza simu ya analogi iende kwenye intaneti, LINE ni FXO. Neno moja, kazi mbili tofauti. Ukikuta LINE, soma kijitabu cha kifaa au tafuta namba ya modeli mtandaoni kabla ya kuchomeka.

Modeli nayo inasema mengi. Tuchukue adapta za Grandstream. HT801 ina FXS moja. HT802 ina FXS mbili. HT813 ina FXS moja na FXO moja. Ukitaka kuingiza laini ya shaba kwenye mfumo wa intaneti halafu ukanunua HT802 kwa sababu ina matundu mawili, umepoteza hela. Matundu yote mawili ni ya kutoa, hakuna la kupokea.

Waya kuingia siyo kuwa sahihi

Waya wa simu una kichwa kidogo, RJ11. Waya wa mtandao una kichwa kipana, RJ45. Kichwa kidogo kinaingia ndani ya tundu pana, na hapo ndipo watu wanadanganyika: "kimeingia, kwa hiyo ni hapa."

Kichwa cha RJ11 kikiingia kwenye tundu la LAN, mambo mawili yanaweza kutokea. Plastiki ya pembeni inaweza kukunja pini za kwanza na za mwisho, na tundu hilo likawa bovu kwa kompyuta. Na kama waya huo una umeme wa laini ya simu, unaupeleka mahali ambapo haukutarajiwa. Kengele ikigonga, ni volti 70 hadi 90 hizo.

Kuna vifaa vya maofisini ambavyo matundu yake ya simu yana umbo la RJ45 kweli. Hapo simu hutumia pini mbili za katikati. Kwa hiyo usiamue kwa umbo peke yake. Amua kwa maandishi, halafu pima.

Pima mwenyewe

Njia ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Chukua simu ya mezani unayojua ni nzima. Ichomeke kwenye tundu, nyanyua mkonga, sikiliza.

- Mlio mrefu wa laini: ni FXS, na namba imesajiliwa.
- Mlio wa haraka haraka kama wa laini yenye shughuli: ni FXS, ila mara nyingi namba bado haijasajiliwa kwenye mfumo wa kampuni.
- Kimya kabisa, hata ukipuliza kwenye mkonga hujisikii: inaweza kuwa FXO, DSL, au FXS ambayo haijawashwa.

Njia ya pili ni ya multimita, na ndiyo inayokata mzizi wa fitina. Iweke kwenye DC, kipimo cha volti 200. Chukua kipande cha waya wa simu, chomeka upande mmoja kwenye tundu, pima nyaya mbili za katikati upande wa pili. Usiingize ncha za mita ndani ya tundu lenyewe.

- Ukisoma volti 40 na kitu au 50 na kitu, hapo kuna mtoaji. Vifaa vingine vidogo hutoa chini ya hapo, lakini kuna umeme unaoonekana.
- Ukisoma sifuri, ni mpokeaji, au tundu halijawashwa.

Ukinyanyua mkonga wakati unapima, volti zinashuka sana, mara nyingi hadi chini ya 15. Hiyo siyo hitilafu. Ndivyo laini ya analogi inavyofanya kazi. Usishike nyaya tupu kwa mkono: simu ikiita wakati huo, utarushwa.

Mifano minne ya kuunga

1. Nyumba au duka lenye faiba. Simu moja, ruta ya faiba yenye tundu la TEL1. Simu inaingia TEL1 moja kwa moja. Hakuna adapta ya kununua. Namba yenyewe inawekwa na kampuni ya simu ndani ya ruta. Kama hakuna mlio, wapigie kwanza kabla ya kubadilisha waya.

2. Ofisi yenye PABX na faiba. Hapa wengi hukwama. PABX ni kile kiboksi kikubwa kinachogawa laini kwa mapokezi, uhasibu na meneja. Kwa mfano, Panasonic KX-TES824 inakuja na laini 3 za nje na simu 8 za ndani. Laini za nje zimeandikwa CO. Hizo ni FXO, zinapokea. Kwa hiyo waya unatoka TEL1 ya ruta na kuingia CO1 ya PABX. Usiupeleke EXT, kwa sababu huko ni mtoaji kwa mtoaji.

3. Ofisi yenye laini ya shaba inayotaka simu za intaneti. Hapa unahitaji kifaa chenye FXO kama HT813. Laini ya ukutani inaingia FXO. Kutoka hapo simu inasafiri kwa intaneti ya ndani ya ofisi.

4. Nyumba ya wageni isiyo na laini ya waya. Kuna viboksi vinavyotumia kadi ya simu ya mkononi na vina tundu la RJ11. Kiboksi hicho kinatoa mlio wa laini, kwa hiyo tundu lake ni FXS. Unaweza kuchomeka simu ya mezani moja kwa moja, au kukipeleka kwenye CO ya PABX.

Angalia pia aina ya simu. Simu kubwa za mapokezi zenye vitufe vingi na skrini, kama Panasonic KX-T7730, zimetengenezwa kwa PABX ya kampuni hiyo tu. Ukiichomeka kwenye TEL1 ya ruta haitafanya kazi, na siyo kosa la ruta. Tumia simu ya kawaida ya analogi.

Kama simu ni ya zamani na ina swichi ya P na T, iweke T. Ukiiacha kwenye P inapiga kwa kukatakata laini, na ruta nyingi za siku hizi hazielewi lugha hiyo.

Kosa linalounguza

FXO kwa FXO haiunguzi kitu. Wapokeaji wawili wanasubiriana, hakuna anayetoa, mnapata kimya. Unarekebisha waya, yanaisha.

FXS kwa FXS ni hatari. Watoaji wawili wanasukumiana umeme kwenye waya mmoja. Inaweza kukaa hivyo bila dalili, hadi siku upande mmoja unapogonga kengele. Tundu linaweza kufa hapo hapo.

Mahali kosa hili linapotokea sana ni kwenye nyumba au ofisi yenye soketi za simu za zamani ukutani. Mtu anataka simu za vyumba vyote zitumie ruta mpya, anachukua waya kutoka TEL1 na kuuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Wazo siyo baya. Tatizo ni kama waya wa shaba unaotoka kwenye nguzo bado uko hai. Sasa kituo kinatoa na ruta inatoa, waya ule ule.

Pima soketi ya ukutani kwanza. Ukikuta volti 48 au karibu na hapo, laini ya nje bado imeunganishwa. Mwite fundi wa kampuni aikate pale inapoingia kwenye jengo. Ukikuta sifuri, bado hakikisha imekatwa kweli, maana laini iliyozimwa leo inaweza kuwashwa kesho.

Na usipakie simu kumi kwenye tundu moja. FXS ya ruta kwa kawaida ina nguvu ya kengele chache, mbili hadi tano. Ukizidisha, unaweza kupiga vizuri tu lakini ukipigiwa simu haziiti. Watu wanadhani namba imekufa, kumbe kengele zimekosa nguvu.

TANESCO wakikata, simu inakufa

Hili ndilo jambo linalosahaulika. Laini ya shaba ilikuwa inakula umeme wa kituo cha simu, na vituo vina betri na jenereta. Ndiyo maana zamani giza likiingia mtaa mzima, simu ya mezani ilikuwa inaendelea kuita.

Faiba haipitishi umeme, inapitisha mwanga. Mtoaji sasa ni ruta yako, na ruta inakula umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, ruta inazima, FXS inazima, namba yako ya 025 inakuwa haipatikani.

Wenye PABX wanaumia mara mbili. PABX nyingi zina utaratibu wa dharura: umeme ukikatika, laini ya nje ya kwanza inaunganishwa moja kwa moja na simu moja ya ndani, mara nyingi ya mapokezi. Utaratibu huo ulikuwa na maana kwa sababu laini ilikuja na umeme wake kutoka kituoni. Ukishaunga CO1 kwenye TEL1 ya ruta, PABX inafanya kazi yake vizuri, lakini inaunganisha mapokezi na ruta iliyozima. Kwa zahanati, shule ya bweni au kituo cha mafuta, hiyo ndiyo saa ambayo simu inahitajika.

Dawa ni kuipa ruta betri. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya volti 12 na saa za ampea 7 ina wati-saa 84. Ruta ya faiba inayokula wati 12 ingekaa saa 7 kwa hesabu ya karatasi. Toa hasara na uchakavu, panga kwa saa 4 au 5. Angalia kwenye chaja ya ruta yako: zidisha volti kwa ampea, upate wati za juu kabisa inazoweza kula.

Kama una adapta pembeni, swichi ya mtandao katikati, au PABX, vyote viwe kwenye betri. Kimoja kikizima, laini yote imezima.

Simu imekatwa lakini laini haiachii

Hili ni tatizo la FXO tu. Mteja amekata simu, lakini PABX au adapta yako haijajua. Laini inabaki imeshikwa, wengine wakipiga wanakuta inatumika. Kama ni simu uliyopiga wewe, muda unaweza kuendelea kuhesabiwa.

Sababu ni kwamba upande unaotoa ndio unaotakiwa kutoa ishara ya kukata: kugeuza chanya na hasi, kukata umeme kwa muda mfupi, au kutoa mlio wa shughuli. Upande wa FXO lazima upangwe usikilize ishara ile ile. Mwambie fundi aangalie mipangilio ya kukata laini kwenye FXO kabla ya kukushauri ununue kifaa kipya.

Msimu wa radi

Nyanda za Juu Kusini, mvua za Novemba hadi Aprili zinakuja na radi. Faiba ya kioo haileti umeme wa radi kwa njia ya shaba. Lakini waya wa simu unaoutoa kwenye FXS kupitia nje hadi jengo la pili, au nyumba ya mlinzi getini, ni shaba. Radi ikipiga karibu, umeme unarudi nao hadi ndani ya ruta.

Weka kizuia radi cha laini ya simu pale waya unapoingia kwenye jengo, na kiungwe na ethi ya kweli. Kizuia radi kisicho na ethi ni pambo. Kwa masafa kati ya majengo, ni salama zaidi kupitisha faiba au mtandao wa redio, kisha uweke adapta yenye FXS upande wa pili.

Kabla hujalipa, muulize fundi maswali haya

- Tundu unalounga linatoa au linapokea? Na la upande wa pili?
- Laini ya shaba ya zamani imekatwa wapi?
- Namba yangu imesajiliwa kwenye TEL1 au TEL2?
- Tundu hili linabeba kengele ngapi?
- Umeme ukikatika, simu gani itabaki hai na kwa saa ngapi?

Akishajibu, fanya jaribio la mwisho yeye akiwa bado yupo. Piga nje, jipigie kutoka simu ya mkononi, kata kutoka upande wa mkononi uone kama laini inaachia. Kisha zima swichi kuu ya umeme, nyanyua mkonga. Ukisikia mlio wa laini gizani, kazi imeisha, mlipe.